Mashujaa wa Hadithi Mbili Wakutanapo

Kati ya starehe za msomaji wa hadithi, chache humvuta kama ile ya kuwakutanisha katika fikira watu wawili ambao waandishi wao hawakupata kuwawaza pamoja: huyu wa kitabu hiki na yule wa filamu ile, kila mmoja na kaumu yake, desturi zake na mahasimu wake. Watoto hubishana uwanjani mwa shule nani angemwangusha nani, na watu wazima vibarazani hawako nyuma. Lakini nguvu ni kitu ambacho mwandishi huongeza au kupunguza apendavyo. Jambo aziz katika mikutano hii, ninalotaka kulitetea hapa, ni kwamba tabia ya shujaa haipimiki sawasawa mpaka atolewe katika dunia aliyoizoea na kusimamishwa mbele ya shujaa mwenziwe asiyemjua.

Mchezo huu ni mkongwe. Mwaka 1906 Maurice Leblanc, mwandishi wa Kifaransa, alimleta Sherlock Holmes katika kisa cha Arsène Lupin, mwizi wake muungwana. Arthur Conan Doyle hakuridhia mpelelezi wake achukuliwe bila idhini, akalalamika, na Leblanc akaligeuza jina kuwa Herlock Sholmès, ingawa hapana msomaji aliyepotezwa na werevu huo. Shujaa wa hadithi ana mwenyewe, na anayetaka kumwalika hana budi kubisha hodi. Ndiyo maana ilikuwa ajabu, mwaka 1976, DC na Marvel, kampuni mbili za Marekani zilizokuwa zikigombea wasomaji walewale, zilipokubaliana kuwatia Superman na Spider-Man katika kitabu kimoja cha katuni. Kazi walikabidhiwa mwandishi Gerry Conway na mchoraji Ross Andru, ambao wote wawili walikwisha kuzitumikia kampuni zote mbili, hivyo hapakuwa na upande wa kudai kwamba mtu wake ametiwa mikononi mwa wageni.

Miaka miwili baadaye DC ikathubutu zaidi, ikamkutanisha Superman na mwanadamu wa kweli, Muhammad Ali, ambaye wasomaji wa Afrika walimjua sana tangu alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Kisa kilianzwa na Dennis O'Neil, kikakamilishwa na kuchorwa na Neal Adams. Juu ya jalada wawili hao wamo ulingoni, na walioketi kuwatazama ni Rais Jimmy Carter, Pelé, Batman na makumi ya mashuhuri wengine, wa kweli na wa kubuni wamebanana safu moja.

Ndani yake, majeshi ya sayari ya mbali yanaitishia dunia, na amiri wao anataka bingwa wa wanadamu apigane na bingwa wao. Superman anajitokeza, na Ali naye anajitokeza, akidai kwamba Superman si mzaliwa wa dunia hii. Yaamuliwa basi wazichape wao kwanza, chini ya jua jekundu, ambalo humwondolea Superman nguvu zake zote. Hapo ndipo uhodari wa watunzi ulipo. Aliyezoea kupasua majabali sasa hana ila ngumi za mtu wa kawaida na mafunzo machache ya masumbwi aliyopewa na Ali mwenyewe, na mwalimu anampa mwanafunzi kipigo kikali. Uso umevimba, miguu yayumba, wala haanguki. Ali ndiye anayeacha kupiga na kumtaka mwamuzi asimamishe pambano, na ni baada ya hapo tu Superman anaporomoka. Kwa kurasa chache tumejua kwamba ushujaa wa Superman hautegemei misuli yake, na kwamba bingwa wa masumbwi, akiwa katika kilele cha ushindi, ana insafu ya kuuzuia mkono wake.

Mkutano wa namna nyingine ulitokea mwaka 1994, Marvel na Archie Comics walipomleta Punisher, mlipiza kisasi mwenye bunduki na alama ya fuvu kifuani, katika mji mtulivu wa Riverdale, anakoishi kijana Archie na wenziwe wa shule. Sababu aliyoibuni mwandishi Batton Lash ni nyepesi: Punisher anamsaka mhalifu anayefanana na Archie. John Buscema alimchora Punisher kwa mtindo wa visa vya jinai, na Stan Goldberg akawachora vijana wa Riverdale kwa mistari laini waliyozoeleka nayo, hata katika picha moja mkawa na dunia mbili, na hapana iliyomeza nyenziwe.

Nasi tunao wa kuwaalika. Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Muhammad Said Abdulla wa Unguja, ambaye kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960, ni mvuta kiko, na ana sahibu wake Najum kama Holmes alivyo na Watson. Tuseme Holmes ateremka forodhani Unguja akimfuata mwizi wa London. Angeyaona matope ya kiatu na jivu la sigara, kama ilivyo ada yake. Lakini nani ana deni la nani, nani ameacha kumwamkia nani, na kwa nini mjane wa mtaa wa pili hafungui dirisha tangu Ijumaa, ni mambo ambayo Bwana Msa angeyapata barazani kwa kikombe cha kahawa. Bwana Msa naye hazijui njia za wezi wa London. Kila mmoja amepungukiwa na kile alichojaaliwa mwenziwe, na kwa upungufu huo kisa kimekwisha kupata maungo.

Basi nawausia vijana wanaoandika na kuchora visa: mkiwakutanisha wawili, umashuhuri wao usiwatoshe, tafuteni kwanza haja ya kila mmoja kwa mwenziwe. Mwacheni kila mmoja na usemi wake, sura yake na murua wake, na mkimshinda mmoja, mshindeni kwa njia itakayomwongezea heshima. Shujaa aliyeazimwa kwa masharti hayo hurudi kwa wenyewe akiwa mkubwa kuliko alivyotoka.