Je, Wajua? Kuba la Kioo Juu ya Bunge la Ujerumani

Je, wajua kwamba mjini Berlin wananchi hutembea juu ya vichwa vya wabunge wao? Jengo lao la bunge, Reichstag, lililokamilika mwaka 1894, liliungua mwaka 1933 na kuharibiwa zaidi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ujerumani ilipoungana tena, msanifu majengo Mwingereza, Norman Foster, alikabidhiwa kazi ya kulifufua. Mwaka 1999 lilifunguliwa likiwa na kuba jipya la kioo na chuma, lenye kipenyo cha mita 40, ambamo wananchi hutembea juu ya ukumbi wa wabunge.

Kuba hilo si pambo tu. Katikati yake kuna koni yenye vioo 360 vinavyoakisi mwanga wa mchana hadi ukumbini, na hewa yenye joto hutolewa kupitia koni hiyo hiyo. Kinga inayosogea kulifuata jua huzuia mwanga mkali usiwaumize wabunge macho.

Huko chini, maandishi ambayo askari wa Kisovieti waliyaandika ukutani mwaka 1945 yamehifadhiwa. Hivyo ndivyo jengo la kale linavyostahili kuongezewa: kipya kifanye kazi, na historia isifutwe.