Maneno ya Kuusitiri Ukata

Mtu aliyefikwa na ukata hapendi kuutaja kwa jina lake. Mswahili atakwambia, "Leo sina hata ndururu," na ilhali ndururu yenyewe, ile sarafu ya senti tano, imekwisha kutoweka madukani zamani. Waingereza nao wana yao, tena tele.

La mitaani lijulikanalo sana ni "skint". Asili yake ni kuchunwa ngozi: aliyeishiwa ni kama mbuzi aliyekwisha pita mikononi mwa mchinjaji. Kwetu, kufilisika kumetoka katika Kiarabu, na muflis ni yule ambaye dirhamu zake zimegeuka fulusi, visarafu vya shaba. Huyu angalau kabakiwa na kitu! Yule wa Kiingereza hata ngozi hana.

Lakini lililonistaajabisha mimi, mtu wa mashairi, ni la watu wa mashariki ya London. Hao wana mtindo wa kulificha neno nyuma ya kina. Badala ya "skint" walichukua "boracic lint", kitambaa chenye dawa kilichokuwa kikifungiwa vidonda, kwa kuwa mwisho wake waoana na lile neno. Kisha, ajabu ya Mungu, wakakikata kina chenyewe wakakitupa! Likabaki "boracic", na ndimi zikalilainisha likawa "brassic". Asiyejua husikia dawa ya kidonda. Ajuaye husikia mfuko mtupu. Mtunzi wa kwetu akifanya hivyo atachekwa barazani, lakini wao ndivyo siri yao ilivyozidi kufungika.

Wala ukata huko haukuwa mzaha. Mdeni alikuwa akifungwa, na adhabu hiyo haikupunguzwa sana ila kwa sheria ya mwaka 1869. Mwaka 1824 babake Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya, alitiwa katika jela ya Marshalsea, London, kwa deni la mwoka mikate. Mwanawe, mwenye miaka 12, alikuwa kiwandani akibandika karatasi kwenye vyombo vya rangi ya viatu. Alipokuwa mtu mashuhuri, Dickens alilisitiri jambo hilo. Wasomaji wake hawakulijua mpaka alipokwisha kufa, mwaka 1870, na rafiki yake John Forster akaliandika.