Luano: Ukiwa na dola 350 mkononi, ununue karte grafiki gani?

LUBUMBASHI – Mdogo wangu anakaa Luano, upande wa uwanja wa ndege, na kwa mwaka mzima amekuwa akiweka pesa kidogo kidogo kutokana na kazi yake ya kutengeneza simu. Juma lililopita alinionyesha alichopata: dola 350, noti safi zisizo na mpasuko wala alama ya wino, maana kila mkaaji wa hapa anajua kwamba dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi sokoni. Anataka karte grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za michezo. Ile anayotumia sasa inakwama kila mpira unapokaribia goli. Aliniomba, kama yaya wake, nimsindikize kwa mwuzaji.

Mwuzaji alikuwa ametuma picha kwa WhatsApp: RTX 3060, dola 260. Tulipofika tulikuta karte safi, feni mbili zinang'aa. Alizipokea noti, akaziinua moja moja kwenye mwanga na kupitisha kidole ukingoni. Nikamwambia mdogo wangu: na sisi tukague mali yake vivyo hivyo. Tuliomba karte iwekwe kwenye kompyuta, tukafungua GPU-Z, programu ya bure inayosoma kilichomo ndani ya karte. Upande wa kumbukumbu iliandika giga 6.

Hapo biashara ikaharibika. RTX 3060 ya kompyuta ya mezani ilitoka Februari 2021 ikiwa na giga 12. Baadaye ikatoka nyingine ya giga 8, yenye mwendo mdogo zaidi. Ya giga 6 ni ile ya kompyuta za kubeba, na kuna watu wanaotoa chipu hizo na kuzibandika kwenye karte za mezani. Inafanya kazi, lakini siyo kitu unacholipia. Sisemi mwuzaji alitaka kutuibia. Huenda naye aliuziwa kwa picha. Noti zetu zilirudi mfukoni.

Wengine hupatikana na baya zaidi. Kuna karte za zamani sana ambazo jina lake limebadilishwa ndani ya programu yake, kompyuta ikaamini ni GTX 1050 Ti kumbe ni chipu ya miaka ya 2010. Tangu 2018 GPU-Z inaweza kugundua nyingi kati ya hizo na kuandika kwamba ni bandia. Mwuzaji akikataa kuiwasha karte mbele yako, rudi nyumbani.

Kusoma majina si kazi ngumu. Kwa Nvidia, tarakimu mbili za mwanzo ni kizazi, mbili za mwisho ni cheo: 3060, 4060 na 5060 ni vizazi vitatu vya cheo kimoja, 60, ambacho ndicho daraja la katikati. Kwa AMD, katika RX 6600 na RX 7600, tarakimu ya kwanza ni kizazi na ya pili ni cheo. Namba kubwa peke yake isikudanganye, kwani 4060 haishindi 3080 eti kwa sababu ni mpya.

Daraja hilo la katikati linatosha kwa skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080, ambayo ndiyo wengi wanayo. Kwa michezo ya mpira, GTA V na mingi ya kupigana kwa mtandao, giga 8 zinafaa bado. Michezo mikubwa ya miaka hii imeanza kuomba zaidi, na ndiyo maana 3060 ya giga 12, ingawa imezeeka, ina watu wanaoitafuta.

Lakini hapa Lubumbashi swali la kwanza ni umeme, mambo ya giga yanafuata. Laini ya Inga–Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi, wala hakuna aliyefikiria kijana wa Luano na mchezo wake. Delestaji tunaijua. Kwa hiyo tazama wati. RTX 3060 inakula hadi wati 170, RX 7600 165, RX 6600 132, na RTX 4060 wati 115 tu. Tuhesabu: kompyuta yenye 4060, pamoja na skrini yake, inaweza kufika wati 245 hivi ukicheza, yenye 3060 ifike 300. Betri ya volti 12 na Ah 100, ukiitumia nusu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Hiyo ni karibu saa mbili na nusu kwa ya kwanza na saa mbili kwa ya pili, bila kuhesabu kinachopotea kwenye ondileri. Kwa mtu anayecheza usiku umeme ukiwa umekatika, nusu saa ni mechi mbili au tatu.

Umeme unaporudi kwa nguvu ndipo vifaa vinapoungua, na majira ya mvua radi inaongeza hatari. Stabilizateri nzuri iingie kwenye hesabu kabla ya karte. Mimi ningetoa dola 40 kwenye bei ya karte ili niinunue. Mdogo wangu hakufurahi kusikia hivyo.

Halafu kuna hii kompyuta yenyewe. Nyingi za mjini ni za ofisi za Ulaya zilizotumika, Dell au HP, zenye kisanduku cha umeme cha wati 240 au 300 kisicho na waya wa kulisha karte. Nvidia inashauri kisanduku cha wati 550 kwa 3060 na 4060 zote mbili. Mwenye kompyuta ya aina hiyo, na asiyetaka kubadilisha kisanduku, atazame RTX 3050 ya giga 6 iliyotoka Februari 2024: inakula wati 70, inazipata zote kwenye ubao wenyewe. Ni dhaifu kuliko 4060, lakini inawaka. Intel nayo ilitoa Arc B580 Desemba 2024, giga 12 kwa dola 249. Bei tamu, ila kwenye kompyuta ya zamani isiyokubali Resizable BAR inapoteza nguvu nyingi, kwa hiyo kwa wengi wetu hapana.

Kuhusu karte zilizochimba sarafu za mtandaoni: Ethereum iliacha kuchimbwa kwa karte Septemba 2022, na maelfu zikamwagwa sokoni. Siyo zote zimeharibika, ila feni huchoka. Isikilize ikizunguka, na uiache ifanye kazi kwa nguvu dakika 20 huku ukiangalia joto. Vumbi letu jekundu la kiangazi litafanya mengine, kwa hiyo ifute kila baada ya miezi miwili.

Bei za kutoka kiwandani zilikuwa hivi: RX 7600 dola 269, RTX 4060 dola 299 mwaka 2023, RTX 5060 dola 299 Mei 2025. Kabla ya kufika dukani mjini zinaongezeka usafiri, forodha na faida ya mwuzaji, iwe zimetua Luano kwa ndege au zimepita Kasumbalesa kwa lori, barabara ile ile ambayo shaba yetu inatokea.

Mdogo wangu ameamua 4060. Kisanduku chake cha umeme kina wati 550 na waya upo, tumeuona kwa macho. Mama mdogo wetu anaenda Dubai mwisho wa mwezi kununua nguo na amekubali kumletea, kwa sharti la kupewa jina kamili lililoandikwa kwenye karatasi, na giga zake. Dola zilizobaki zinaenda kwenye stabilizateri.