Mgeni Mbozi Misheni

Mimi ni mtoto wa Tunduma. Nimekulia kati ya wabadili fedha, madalali wa mahindi na malori yanayosubiri kuvukia Nakonde, Zambia. Nilipoolewa Mbozi Misheni, mkoa huuhuu wa Songwe, nilidhani nimefika nchi nyingine. Kwa wakwe zangu pombe haitajwi na Jumapili jembe haliguswi. Mshirika akianguka, hutengwa na Chakula cha Bwana mpaka arudishwe kundini.

Waliotutangulia walishtuka zaidi. Wamoraviani wa Ujerumani walifungua kituo cha misheni Rungwe mwaka 1891, kisha Utengule 1895, na mwaka 1899 wakaingia Mbozi kwa Wanyiha. Mmisionari Traugott Bachmann alikaa hapo hadi 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipowaondoa Wajerumani. Aliyehamia kituoni alikutana na shule, ibada, siku ya mapumziko na mafundisho ya mke mmoja. Ramli na mwavi, ile sumu ya kumpima mshukiwa wa uchawi, vilikatazwa. Pombe nayo. Hilo la pombe ndilo lililouma, kwani pombe ndiyo iliyowaita majirani kulima shamba lako, na ndiyo iliyomwagwa kwenye tambiko. Ukiiacha, umewaacha majirani na wahenga kwa mpigo mmoja.

Wapo waliokuwa wakali kupita hao. Huko Massachusetts, Marekani, Wakristo walioitwa Wapuritani walipitisha sheria mwaka 1659: anayesherehekea Krismasi alipe faini ya shilingi 5. Wamoraviani hawakufika huko. Kwao Krismasi ni nyimbo na tarumbeta, na alfajiri ya Pasaka husaliwa makaburini.

Mbona basi watu walihamia vituoni? Eneo hili lilikuwa limechoshwa na vita na wateka watumwa, na aliyetuhumiwa uchawi alinyweshwa mwavi. Masharti ya misheni yalikuwa mazito, lakini hayakuua.

Bachmann naye alikuwa mgeni, na ugeni ulimfundisha. Alijifunza Kinyiha, akatafsiri Agano Jipya lililochapishwa mwaka 1913. Kadiri alivyowaelewa Wanyiha ndivyo alivyolegeza msimamo, hata akakubali kuwabatiza wanaume wenye wake wengi bila kuwalazimisha kuwafukuza. Mke aliyefukuzwa angekwenda wapi na watoto wake?

Kwa hiyo, dada unayeolewa kwenye mji wenye masharti, usikimbilie kuyavunja, wala usiyameze mazima. Uliza kila sharti linamlinda nani. Lisilomlinda mtu linaweza kubadilishwa, na Mbozi limewahi kubadilishwa.