Mfumaji, Fundi Vinanda na Gari Lisilo na Paa

Sogeeni huku jua linapopiga, wajukuu zangu. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Sumbawanga haina huruma. Baridi ya Ufipa hupenya hata sweta mbili. Na mimi leo nataka kuwasimulia habari za gari lisilo na paa! Chekeni tu. Gari la wazi mnalolijua ni Fuso la mahindi linalotoka Laela, ambalo wanaosimama nyuma hushuka na vumbi mpaka kwenye kope. Hili ninalolisema lilikuwa jeupe, la watu wawili, na fupi kiasi kwamba mtoto wa darasa la tano angeliangalia kwa juu.

Jina lake ni Toyota 2000GT. Ndiyo, Toyota ileile ya Noah na Land Cruiser zinazopita stendi kila siku. Lilionyeshwa Tokyo mwaka 1965, likaanza kuuzwa 1967, na lilipoachwa mwaka 1970 yalikuwa yametengenezwa 351 tu. Yaliyouzwa yote yalikuwa na paa. Ya wazi yalikuwa mawili.

Kwa nini mawili? Mwaka 1966 watengenezaji wa filamu za James Bond walikwenda Japani kupiga picha ya *You Only Live Twice*. Mwigizaji mkuu, Sean Connery, aliyemwigiza Bond, alikuwa na urefu wa sentimita 188. Gari lenyewe, kutoka ardhini hadi juu ya paa, lilikuwa sentimita 116. Sasa twiga huyo mtamwingiza wapi? Mafundi wa Toyota wakakata paa. Hawakuweka hata turubai la kukunja. Nyuma ya viti walitengeneza kifuniko kilichoinuka kidogo, mtazamaji adhani turubai limekunjwa humo. Mvua ikinyesha, mnaloa. Tena kwenye filamu Bond amekaa upande wa abiria. Anayeshika usukani ni mwanadada Aki, aliyeigizwa na Akiko Wakabayashi.

Kukata paa si kazi ya msumeno peke yake. Chukueni boksi la viatu, lifungeni kifuniko, mjaribu kulisokota: linakataa. Toeni kifuniko, mlisokote tena: linapinda kama chapati. Magari mengi ya leo ni kama boksi hilo, paa ni sehemu ya nguvu yake. Lakini 2000GT lilijengwa juu ya fremu ya chuma iliyopita katikati kama uti wa mgongo. Nguvu yake kubwa ilikuwa chini, ndiyo maana liliweza kuvuliwa kofia na bado likasimama imara.

Haya, sasa niwaulize: nani walilitengeneza? Wafumaji na mafundi vinanda.

Sakichi Toyoda alikuwa mtoto wa seremala. Aliwaona wanawake wa kijijini, mama yake akiwemo, wakichoka kufuma nguo, akatengeneza mtambo wa mbao wa kuwapunguzia kazi. Aliendelea kuuboresha hadi mwaka 1924 akatoa mtambo ambao uzi ukikatika husimama wenyewe. Katika kampuni ya familia yao ya mitambo ya kufumia, mwanawe Kiichiro alianzisha kazi ya magari, na mwaka 1937 ikazaliwa kampuni ya magari ya Toyota.

Mwenzao katika 2000GT alikuwa Yamaha. Mwanzilishi wake, Torakusu Yamaha, aliitwa mwaka 1887 kutengeneza kinanda kibovu cha shule katika mji wa Hamamatsu. Alipokifungua akajisemea kwamba hata yeye anaweza kuunda kama hicho. Akaunda, kisha yeye na mwenzake wakakibeba kwa mti mabegani, wakavuka milima ya Hakone hadi Tokyo kikakaguliwe. Huko wakaambiwa sauti zake haziko sawa! Akabaki kujifunza kupanga sauti, akarudi kuunda kingine, nacho kikakubaliwa. Miaka 80 baadaye, Yamaha hao ndio waliounda 2000GT kwa mikono, na mbao za dashibodi yake zilitoka kwa mafundi wa piano.

Msidhani kazi za mikono zilikuwa Japani tu. Wazee wetu Wafipa walifuma nguo za pamba. Na chuma walikitoa wenyewe kwenye mawe. Walijenga tanuri la udongo wa kichuguu, refu kumpita mtu, linaloitwa ilungu, na yakiwa mengi, malungu. Halikuhitaji mivukuto: matundu ya chini yalivuta hewa yenyewe, kwa sababu moto ukipanda juu kwenye tanuri refu huivuta hewa ya chini iufuate. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, hilo sasa likipulizwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe. Majembe ya dukani yalipoenea, moto wa malungu ukazimika.

Gari moja kati ya yale mawili ya wazi limehifadhiwa katika makumbusho ya magari ya Toyota, huko Nagakute, Japani. Malungu mengi ya babu zetu hayana mlinzi wala paa. Yamebaki porini, mengine ni vifusi. Mkiwa machungani mkakuta mnara wa udongo ulioungua na matundu chini yake, msiurushie mawe. Muulizeni mzee wa kijiji hicho ni nini, naye awasimulie.