Tarehe ya Faili na Amri ya Touch

Katika steshenari za Kinyerezi, kata ya Wilaya ya Ilala inayojulikana nchini Tanzania kwa mitambo yake ya kufua umeme wa gesi, kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya madabodi imekwisha nguvu hupoteza saa kila umeme unapokatika, na isipopata intaneti ya kuisahihisha, kila faili linalohifadhiwa hupewa tarehe ya miaka mingi iliyopita.

Tarehe hiyo haimo ndani ya waraka wenyewe, bali huwekwa pembeni na mfumo endeshi, ambao katika Linux na Mac hutunza angalau nyakati tatu: wakati yaliyomo yalipobadilishwa mara ya mwisho, wakati faili liliposomwa, na wakati taarifa zinazolihusu, kama vile mmiliki na ruhusa zake, zilipobadilika. Nyakati mbili za kwanza hurekebishwa kwa amri ya touch, inayoandikwa katika dirisha la amri, yaani mahali ambapo kompyuta huagizwa kwa maneno badala ya kubofya. Anayeandika touch -t 202403151930 risiti.pdf hulipatia faili hilo tarehe 15 Machi 2024, saa 1:30 usiku, kwa kuwa tarakimu hufuatana kuanzia mwaka, mwezi na siku hadi saa na dakika. Na hapa Mswahili hana budi kuwa makini, maana kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, ilhali yeye huanza kunapopambazuka na kunapokuchwa. Jina la faili likikosewa, amri hiyo huunda faili jipya tupu bila kuonya.

Wakati wa tatu hauwekwi kwa touch, kwani amri yenyewe inapotumika huacha hapo saa ya kutumika kwake, nayo huonekana kwa amri ya stat. Hata hivyo, saa ya mashine ikirudishwa nyuma kwanza, wakati huo wa tatu nao hupotoka. Kwa hiyo tarehe ya faili pekee si uthibitisho tosha, na ni busara kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, haikatai ushahidi kwa kuwa tu ni wa kielektroniki, lakini huitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyolindwa. Anayesahihisha tarehe za mafaili ya ofisi na aandike daftarini siku aliyofanya hivyo, pamoja na sababu yake.