Vimelea vya Maradhi, kuanzia Tegu hadi Prioni

Ugonjwa wa kuambukiza kwa kawaida huletwa na kiumbe anayeingia katika mwili wa mtu na kuishi humo kwa hasara ya mwenye mwili. Kisukari na shinikizo la damu havimo katika hesabu hiyo. Malaria, kipindupindu, surua na kichocho vimo. Viumbe hao kwa jumla huitwa vimelea, na jina hilo limebeba mengi. Tegu wa ng'ombe, anayeweza kupita mita 5 ndani ya utumbo, ni kimelea. Kirusi cha polio, ambacho hadubini ya kawaida haikioni kabisa, nacho ni kimelea. Baina ya wawili hao hakuna undugu wowote, na dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Kwa hiyo kumtibu mgonjwa kunaanza kwa kujua ni nani aliyemwingia.

Wakubwa kuliko wote ni minyoo. Hawa ni wanyama kamili, na wengi wao hawaongezeki ndani ya mwili wa binadamu. Hutaga mayai, na mayai hayo sharti yatoke nje kwanza ndipo kizazi kipya kipatikane. Mnyoo wa safura, kwa mfano, hutoa mayai yanayoanguliwa katika udongo uliochafuliwa kwa kinyesi. Lava wake hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri katika damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwishowe hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mtoto aliyepewa dawa shuleni mwaka huu anaweza kuwa nao tena mwakani, iwapo udongo anaoukanyaga ni ule ule.

Kichocho kina safari ndefu zaidi. Mgonjwa hukojoa au kujisaidia majini. Mayai yakifika kwenye maji yasiyo ya chumvi huanguliwa, na lava anayetoka ana saa chache tu za kumpata konokono wa jamii inayomfaa. Ndani ya konokono lava mmoja huzaa maelfu, nao hutoka mchana, jua likiwaka, wakiogelea kwa mkia wenye ncha mbili. Anayeingia majini kuoga, kufua, kuvua au kupanda mpunga hutobolewa ngozi kwa dakika chache, pengine asihisi lolote zaidi ya mwasho. Mnyoo mzima ana urefu wa sentimita 1 hivi. Dume hukunja mwili wake na kumkumbatia jike, na wawili hao huishi hivyo kwa miaka kadhaa ndani ya mishipa ya damu. Unguja na Pemba kichocho kilichopo ni cha kibofu, na dalili yake ni mkojo wenye damu. Kando ya Ziwa Victoria kimeenea kile cha utumbo, ambacho huharibu ini. Mtu wa maabara huwatofautisha minyoo wa aina hizo mbili kwa mayai: la wa kibofu lina mwiba nchani, la wa utumbo lina mwiba ubavuni. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, ndiye aliyewagundua minyoo hawa mjini Kairo mwaka 1851, alipokuwa akipasua maiti. Dawa ya prazikwanteli huwaua waliokomaa, lakini haimzuii mtu kurudi ziwani kesho yake.

Minyoo wa matende na mabusha, ugonjwa unaojulikana sana pwani, hubebwa na mbu na kukaa katika mishipa ya limfu. Wana wao huingia katika damu ya juu juu usiku, saa ambazo mbu anauma. Ndiyo sababu wapimaji wa ugonjwa huu walizoea kupita nyumba kwa nyumba usiku wa manane na kuwaamsha watu ili wawachome kidole.

Kuvu, au fangasi kama wengi wanavyosema, wana nafasi ndogo katika habari hii, ingawa si ndogo kwa mwenye kuwashwa. Mapunye ya watoto na fangasi wa miguuni huishia kwenye ngozi na nywele. Wa kuogopwa ni wale wanaongoja kinga ya mwili ishuke, kama kriptokokasi, anayeishi katika udongo na kinyesi cha njiwa na ambaye huwapa homa ya uti wa mgongo watu ambao Ukimwi umekwisha kuwadhoofisha. Dawa za kuvu ni chache, kwa kuwa seli ya kuvu inafanana zaidi na ya binadamu kuliko ya bakteria, na kinachomdhuru mmoja humkaribia mwingine.

Protozoa ana seli moja tu, lakini ana ujanja mwingi. Plasmodiamu wa malaria huingia pamoja na mate ya mbu jike wa anofelesi. Katika muda wa nusu saa hivi anakuwa ameshafika kwenye ini, na hapo hujificha kwa wiki moja au zaidi, akizaana bila mtu kujisikia vibaya. Wanaotoka kwenye ini ni maelfu kwa maelfu. Kila mmoja hujipenyeza katika chembe nyekundu ya damu, hula himoglobini iliyomo, hugawanyika, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kuachia kizazi kipya. Baridi ya kutetemesha na homa inayopanda huja wakati wa mpasuko huo. Plasmodiamu falsiparamu, aliyeenea zaidi Afrika, huzifanya chembe alizoziingia zinate kwenye kuta za mishipa midogo, hata ile ya ubongo. Mtoto akishikwa na degedege na kupoteza fahamu, chanzo mara nyingi ni hicho, ingawa jambo hilo lilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa la mashetani.

Uthibitisho wa malaria ni tone la damu ya kidoleni, ambalo hutandazwa juu ya kipande cha kioo, huachwa likauke, kisha hutiwa rangi ya Giemsa. Chini ya hadubini vimelea huonekana kama vipete vya buluu vyenye nukta nyekundu. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila homa inayodhaniwa kuwa malaria ipimwe kwanza kabla ya dawa kutolewa. Ni agizo la busara, maana dengi, homa ya matumbo na mafua makali huanza vivyo hivyo, na dawa mseto ya malaria haisaidii hata moja kati ya hizo. Protozoa wengine ni amiba, ambaye huleta kuhara damu, na tripanosoma wa malale, anayebebwa na mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya laki mbili ufukoni mwa Ziwa Victoria upande wa Uganda.

Bakteria naye ana seli moja, lakini ndogo zaidi na isiyo na kiini. Wengi hawana madhara, na waliomo utumboni ni msaada mkubwa. Miongoni mwa wabaya wamo wavamizi na wamo wenye sumu. Mvamizi ni kama bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Hugawanyika mara moja kwa siku hivi, mwendo wa pole sana kwa bakteria, na hiyo ni sababu mojawapo ya dawa zake kumezwa kwa miezi 6. Wenye sumu huweza kuua bila kusogea mbali: wa pepopunda hubaki kwenye kidonda, sumu yake ndiyo inayofika kwenye neva na kukaza taya.

Wa kipindupindu hukaa juu ya ukuta wa utumbo tu. Sumu yake huufanya ukuta huo umwage maji na chumvi za mwili, na mgonjwa huharisha maji yanayofanana na ya mchele uliooshwa, kwa kasi inayoweza kufikia lita moja kwa saa. Anakufa kwa kukaukiwa, kwa hiyo tiba kubwa ni kumrudishia maji yenye chumvi na sukari kwa kiasi kile kile anachopoteza. Daktari James Christie aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1869 alifuatilia njia za misafara na majahazi, akaonyesha jinsi ugonjwa ulivyosafiri na watu hadi visiwani. Kitabu chake kilitoka 1876, miaka michache kabla ya Koch kumtambua bakteria mwenyewe.

Bakteria wengi wana ukuta unaoizunguka seli. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, huzuia ukuta huo kujengwa, na bakteria hupasuka. Seli ya binadamu haina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa haiidhuru. Kirusi nacho hakina. Anayemeza amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, kwa ajili ya mafua yanayoletwa na virusi anapoteza fedha, na wakati huo huo anawafundisha bakteria waliomo mwilini mwake kuizoea dawa.

Kirusi hakili, hakipumui wala hakikui. Ni maelekezo ya kijenetiki yaliyofungwa katika ganda la protini, na hayasomeki mpaka yaingie ndani ya seli hai na kuifanya itengeneze virusi vingine. Virusi vya surua huenea kwa hewa, na mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Virusi vya Ukimwi huzilenga zile zile seli zinazoongoza ulinzi wa mwili na kujichomeka katika jeni zake. Dawa huvifubaza, havitoki.

Kirusi cha homa ya Bonde la Ufa kina maficho ya ajabu. Kilitambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931, kondoo walipokuwa wakitupa mimba na wana-kondoo wakifa. Hudumu ndani ya mayai ya mbu yaliyotagwa katika madimbwi yaliyokauka, kwa miaka, mpaka mafuriko yayaangue, kama yalivyofanya ya El Niño ya 1997 na 1998. Ndui haikuwa na maficho kama hayo. Ilikaa kwa binadamu peke yake, na chanjo, iliyoanzia kwa Edward Jenner mwaka 1796, iliifungia njia zote. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977.

Chini kabisa kuna prioni, ambayo si kiumbe hata kidogo. Ni protini iliyokunjika vibaya, haina jeni, lakini ikigusana na protini za ubongo huzikunja nazo vibaya. Joto la kupikia haliiharibu, na tiba yake haijapatikana. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulioitikisa Uingereza ni wa kundi hili. Wafore wa Papua New Guinea waliambukizana kuru, ugonjwa mwingine wa prioni, kwa desturi ya kula maiti za jamaa zao mazishini. Desturi hiyo ilikoma karibu na 1960, lakini wagonjwa wapya waliendelea kujitokeza hadi miaka ya 2000.